Bosi Yuko Wapi kwa Kiingereza

Kwa Kiingereza, mtaani kwetu hakuna wa kunifikia. Mtaa wenyewe una nyumba tano, na mbili ni za kuku. Lakini hata kuku hao wakinisikia nikisema good morning hunyamaza wote, sijui ni kwa heshima au kwa hofu. Basi nimejipa ruhusa ya kusimulia habari za Bi Pamba, ambaye Kiingereza kilitaka kumtoa roho kabla pamba haijamtoa.

Bi Pamba si jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini, kwenye karakana ya magodoro, ambako alikuwa mshindiliaji tangu enzi za kiuno cha nyigu hadi enzi za kiuno cha pipa. Kazi ya mshindiliaji ni kukaa kwenye chumba chenye dirisha la kupitisha paka, kushika mfuko mkubwa wa kitambaa cha mistari, na kuulisha pamba mpaka ushibe. Mashine ya kuchambua pamba huunguruma pembeni kama mgonjwa wa jino, na pamba inayopeperuka huingia puani, masikioni, hata kwenye chai. Bi Pamba alikuwa akikohoa kikohozi chenye nyuzi. Nesi wa zahanati alimwekea kile kifaa chake mgongoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Mama, humu ndani mnashona nini? Chagua: pamba au kifua. Vyote viwili huwezi kuwa navyo."

Bi Pamba alichagua kifua. Ila kifua peke yake hakiinjiki chungu jikoni, kwa hiyo ikabidi atafute kazi nyingine humo humo karakanani, na kazi ilikuwa moja tu: kiti cha chumba cha mbele, kando ya dirisha kubwa, penye hewa na simu. Kiti hicho kilikuwa cha Dada wa Simu, binti wa mapokezi, naye alikuwa anaacha kazi amfuate mumewe alikohamishiwa.

Kazi ya kiti kile, ukiitazama vizuri, ni kusema Bosi yuko wapi. Wanaopiga ni mahoteli na mahospitali, wanapiga kwa Kiingereza, na wote huuliza jambo moja. Bosi alikuwa bingwa wa kuahidi magodoro Ijumaa bila kutaja Ijumaa ya mwaka gani.

"Atakayeweza kusema niko wapi kwa Kiingereza kilichonyooka, kiti ni chake," Bosi alitangaza. "Bi Pamba kaomba, nampa nafasi. Akishindwa, namleta mpwa wangu. Mpwa wangu Kiingereza anakiota."

"Anakiota, sawa," alisema Fundi Sindano, mshona kingo za magodoro, mtu mwenye ulimi mkali kuliko kifaa chake. "Akiamka je?"

Sasa, Bi Pamba alikuwa na tabia moja ya kikazi iliyomwingia mpaka kwenye mifupa. Mshindiliaji haambiwi godoro limejaa akaamini. Kwa macho godoro laweza kuvimba kama tajiri, kumbe katikati lina shimo la kuzikia mbuzi. Kwa hiyo huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, hupapasa pembe zote, ndipo husema. "Jicho lina maneno mengi," alipenda kusema Bi Pamba. "Mkono hauna mdomo wa kudanganyia." Nyumbani hivyo hivyo. Ukimwambia maji yamechemka, anafunua sufuria. Ukimwambia mtoto amelala, anamfungua jicho kuhakikisha.

Na tabia hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye somo.

"Rahisi tu, mama," alisema Dada wa Simu. "Mambo yote yako kwenye vineno vitatu vidogo: at, in na on. Shika hivyo, mengine yatajileta."

"Vidogo kama sindano, mwanangu. Nazo ndizo zinazochoma."

"Haya. Mtu kapiga, anamtaka meneja. Sema: The manager is in the office."

Bi Pamba hakusema. Aliinuka, akajikung'uta, akaenda mpaka mlango wa Bosi, akachungulia, akarudi. "Ni kweli, yumo. The manager is in the office."

"Mama, si lazima uende kuangalia."

"Nitasemaje mtu yumo na mimi sijamwona? Unataka niwe shahidi wa uongo uzeeni?"

"Sawa. The manager is on the phone."

Akainuka tena, akaenda, akarudi amekunja uso. "Si kweli. Hajaipanda. Simu ndiyo iliyopanda sikio lake. Na siku akipanda yeye, ule mwili, tutaokota vipande."

"At lunch," alisema Dada wa Simu, ambaye sauti yake ilishaanza kupungua chaji.

Safari hii Bi Pamba alichelewa. "Anakula kweli. Lakini mimi nimekaa pale nikatazama mpaka kameza, na ninavyoona, lunch ndiyo iliyo in the manager."

Mlango wa Bosi ukafunguka, kidevu chake kikitangulia na mafuta. "Bi Pamba, mbona unanichungulia kila dakika? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, bosi. Nakusoma."

Dada wa Simu alipoona mwanafunzi wake haamini mpaka aguse, akaamua kumgusisha. Akaomba mtu wa kuigiza umeneja, na Fundi Sindano akajitolea kabla hajaambiwa kazi yenyewe. Kanuni zikawekwa: ukisikia in, unaingia kwenye lundo la pamba; ukisikia on, unapanda meza ya kukatia vitambaa; ukisikia at, unasimama mlangoni bila kuingia wala kutoka, kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

"In!" Fundi Sindano akazama kwenye pamba, akabaki kofia.

"On!" Akapanda mezani.

"At!" Akakimbilia mlangoni.

Mpaka mchana karakana nzima ilikuwa inaruka. Magodoro yalilala chini hayajashonwa, na watu wazima wenye wajukuu wanapiga mbizi kwenye pamba wakipiga kelele in, in. Bi Pamba aliyashika yote. Mtihani ungekuwa wa kuruka, angetoka na cheti.

Kisha Dada wa Simu akafanya kosa. Akasema, "The manager is on leave."

Fundi Sindano akainua mguu, akasita. "Likizo iko wapi niipande?"

"On duty."

"Zamu nayo inapandwa?"

"The manager is on time," alisema Dada wa Simu, akijaribu kuokoa jahazi kwa maneno mepesi.

Fundi Sindano alitazama saa ya ukutani. Akaenda kuleta ngazi. Walimwambia ateremke, lakini mtu akishapewa cheo cha meneja hasikii la mtu. Aliikalia saa kwa muda wa kupepesa jicho, halafu yeye na saa wakashuka pamoja, na tangu hapo karakana ile imekuwa saa nane mchana kuanzia asubuhi hadi jioni.

"Sasa nieleze, mwanangu," alisema Bi Pamba, wakati wengine wanamtoa Fundi Sindano vioo makalioni. "Mkutano ni in. Likizo ni on. Kazini ni at. Nani alipanga, na alikuwa amekunywa nini?"

"Mama, Kiingereza hakiulizwi, kinamezwa kama dawa." Dada wa Simu alikaa chini, akashika kichwa, halafu akapata wazo lililompa uso mpya. "Sikiliza. Chukulia haya maneno yameoana. Leave kaolewa na on. Meeting kaolewa na in. Lunch kaolewa na at. Nani aliwaposea hatujui, harusi yao hatukualikwa. Kazi yetu ni kuheshimu ndoa. Ukimkuta leave na in, huo ni ugoni."

Bi Pamba alitulia. Hayo sasa yalikuwa mambo anayoyajua. Ndoa za watu huwezi kuzipapasa. Unaambiwa tu fulani ni mke wa fulani, nawe unashika adabu yako. "Mbona hukuanzia hapo? Na huyu work, mumewe nani?"

"Ah, work…" Dada wa Simu akainamisha macho. "Kuna work at, work in, work for, work with. Work on pia ipo. Na work under."

"Loo! Wote hao?"

"Wote, mama."

"Na wanajuana?"

"Wanajuana. Kila mmoja ana siku yake."

"Basi huyo work usimlete karibu na nyumba yangu," alisema Bi Pamba. Lakini alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi kikamkumbusha kwa nini yuko pale.

Jioni hiyo na zilizofuata, jikoni kwake kulikuwa hakukaliki. Alikuwa anamenya vitunguu huku anawagombeza: "Wewe leave, mumeo ni on! Nikukute tena na in nitakuumbua mbele za watu! Na wewe meeting, tulia ndani, in!" Mumewe, mzee wa watu, alisikiliza kutoka sebuleni siku nzima ya mapumziko, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mama watoto, huyu Livu ni binti wa nani? Mbona mimi sipewi habari?"

"Humjui. Ni wa kazini."

"Na kafanya hayo yote?"

"Huyo nafuu. Hujasikia ya Waki."

Ikafika siku ambayo Dada wa Simu aliaga. Jioni ile ile Bosi aliwaita wote chumba cha mbele, mkononi ameshika begi, tai imelegea, amevaa uso wa mtu mwenye safari.

"Nasafiri kikazi, siku chache. Bi Pamba, utakaa kitini kuanzia kesho. Atakayenitaka mwambie, The manager is on a business trip. Na mimi mwenyewe nitapiga kwa sauti nisiyojulikana, kukupima. Ujibu hapo hapo. Nikigundua umekwenda kuchungulia, umefeli, na mpwa wangu anaanza kazi."

"Nitachungulia wapi, bosi, na wewe utakuwa umesafiri?"

"Ndiyo hivyo," alisema Bosi, macho yake yakitafuta kitu kwenye dari. "Nitakuwa nimesafiri."

Asubuhi mbili Bi Pamba alikaa kwenye kiti kile. Dirisha liko wazi, hewa inaingia safi kama maji ya mtungi, na kikohozi kilianza kumsahau. Alijibu hoteli, akajibu hospitali, akajibu mtu aliyekosea namba, wote on a business trip. Alikuwa amekwishajiona ni wa kiti na kiti ni chake, lakini sauti isiyojulikana ilikuwa bado haijapiga. Kila simu ilipolia, aliyarudia maneno yake moyoni kabla ya kuipokea.

Asubuhi ya tatu mlango ulijaa mtu. Aliingia mama mmoja mnene, mrefu, mwenye mkoba wa ngozi na sauti ya kuamshia kijiji.

"Hapa ndipo kwa mkwe wangu?"

"Mkwe wako nani, mama?"

"Huyu mwenye magodoro. Kamuoa binti yangu. Nimefika kuwatembelea, mkwe wangu maskini kasafiri jioni ile ile. Tulipishana mlangoni, mimi naingia na mizigo, yeye anatoka na begi. Kazi hizi zitamuua mtoto wa watu." Mama Mkwe alijishika kiuno. "Lakini godoro alilonipa, ah! Nyumba ya mtengeneza magodoro, nalala juu ya gunia la viazi!"

"Kinyozi hajinyoi, mama."

"Basi mimi nimekuja kunyolewa. Nionyeshe yalipo nichague, na nitalibeba leo hii."

Magodoro yaliyokamilika yalikaa ghalani, nyuma ya chumba cha mbele, ukuta kwa ukuta na chumba cha kushindilia. Ghala lilikuwa na mlango mwingine wa nje, ambao ufunguo wake alikuwa nao Bosi peke yake. Bi Pamba alichukua simu ya ofisi, simu ya mkononi, akaongoza njia. Kwenda na mteja si kuchungulia, alijiambia.

Ghalani giza lilikuwa la kutosha, na mashine ya upande wa pili ilikuwa inaunguruma, ikimeza sauti zote za mbali. Mama Mkwe alianza kubonyeza magodoro kama nesi anayetafuta ugonjwa tumboni. Hili gumu. Hili linazama. Hili linanuka dawa. Bi Pamba alikuwa anamwambia lipi limejazwa na nani, simu ikalia mkononi mwake.

"Hello," ilisema sauti nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. "This is the hospital. Where is the manager?"

Bi Pamba akaikaza simu sikioni. Ndiyo hii. Maneno yalikuwa tayari ulimini, yamepangwa, kila mke na mumewe. Lakini kabla hajayatoa alisikia mambo mawili. La kwanza, ndani ya simu kulikuwa na ngurumo ya mashine ya kuchambua pamba. Hospitali gani hiyo? La pili, ile sauti ilimfikia mara mbili: kwenye sikio la simu, na tena kutoka kwenye rundo la magodoro lililokuwa pembeni, usawa wa kiuno chake.

Mkono wake ulitangulia akili. Ulijiingiza wenyewe kati ya godoro la juu na la pili yake, mpaka kwenye kiwiko, ukapapasa. Bi Pamba anaijua pamba, anaijua sufi, anayajua masponji yote ya duniani. Hiki kilichokuwamo kilikuwa na joto, na kilikuwa na kidole gumba kilichochungulia kwenye tundu la soksi.

Akakiminya.

"Aaa!" ilisema simu. Na godoro nalo likasema aaa.

Halafu simu ikanong'ona, kwa Kiswahili na kwa sauti inayojulikana kabisa: "Bi Pamba. Ni wewe?"

Bi Pamba alitazama kule alikokuwa Mama Mkwe. Alikuwa amelalia godoro la mbali, anapima mgongo. Akanong'ona naye. "Ni mimi, bosi."

"Umekwenda kuchungulia!"

"Sijachungulia. Nimepapasa tu."

"Yule mama atakaa kwangu mpaka Jumapili, Bi Pamba. Anaongea kuanzia alfajiri. Nilikuwa sina pa kwenda." Godoro la juu lilipanda na kushuka kwa pumzi. "Usimwambie mtu. Kiti ni chako. Nenda zako."

Mwingine angekwenda zake. Lakini Bi Pamba alikuwa hataki kiti cha kuhurumiwa. Cha kuhurumiwa leo ni cha kunyang'anywa kesho. "Uliniuliza swali, bosi. Sijajibu."

"Basi, basi, yaishe…"

"Uliza vizuri."

Simu ikapumua. "Where is the manager?"

Bi Pamba alikishikilia kile kidole gumba, akanyoosha mgongo. "The manager is on a business trip."

Ajabu ikamwingia yeye mwenyewe. Neno lile dogo lilikaa mahali pake sawasawa, limetulia, halina kosa hata la kusingizia, na mtu mwenyewe yuko pale kama nyama kwenye mkate.

"Sahihi!" Bosi alipiga kelele, kwa furaha ya mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Umefaulu! Kiti ni chako, Bi Pamba, kuanzia leo na siku zote!"

Mama Mkwe aliinua kichwa kule aliko. "Nani huyo? Mbona kama sauti ya mkwe wangu?"

"Ni bosi, mama," alisema Bi Pamba. "Kapiga simu."

"Kumbe! Nipe nimsalimie, mtoto yatima wa barabarani!" Akaja mbio mbio, akanyakua simu, na kwa kuwa mazungumzo mazuri hayataki kusimama, akatafuta pa kukaa. Rundo lile la pembeni lilikuwa na urefu unaofaa kabisa. Bi Pamba angeweza kumwambia asikae hapo. Kinywa chake hakikufunguka. Alikuwa amechoka sana kwa Kiingereza.

Mama Mkwe akakaa.

"Hhhh," ilisema simu.

"Mkwe wangu! Mbona unahema hivyo?"

"Shikamoo, mama. Ni… ni mlima. Gari linapanda mlima."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Uko wapi sasa?"

"Mbali, mama. Mbali sana."

"Kazi zinakwendaje?" Mama Mkwe akajisogeza katikati, akitafuta raha. Akadundadunda kidogo. "Hili godoro, mwenzangu, hili ndilo! Lina uhai!"

"Uwi," ilisema simu.

"Nini tena?"

"Barabara, mama. Mbovu. Mashimo matupu. Tunarushwarushwa."

"Pole, baba." Akadunda tena, kwa kufikiri. Godoro likaguna kwanza, simu ikaguna baadaye. Mama Mkwe akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Akadunda mara nyingine, polepole, kama anayepima uzito wa nazi. "Na hapo je, mkwe wangu? Kuna shimo?"

"Kubwa, mama."

"Na hapa?"

"Na hapo."

Mama Mkwe alisimama. Aliweka mkoba wake chini, akakunja mikono ya gauni. Bi Pamba alisogea kumpisha, kwa adabu tu. Mama Mkwe alishika godoro la juu kwa pembe zake mbili, akalipindua mara moja kama anayegeuza chapati.

Bosi alikuwa amelala chali, tai shingoni, soksi moja imetoboka, nywele zimejaa nyuzi. Simu ilikuwa bado sikioni kwake. Alimtazama mama wa mkewe, mama wa mkewe akamtazama yeye, hatua moja kati yao, kila mmoja ameshika simu yake.

"Mama," Bosi alisema ndani ya simu, bila kupepesa jicho, "mtandao wa huku unakatika. Nikifika mjini nitakupigia."